Inveta ya fezi tatu inaangusha kinga ikiungwa na gridi, ingawa PLL imeshika

koili_kampemba aliandika:

Jambo kwenu mafundi wote. Hapa karakanani Kampemba, Lubumbashi, tuko na inveta ya fezi tatu ya kVA 10 tunayotaka iingize umeme wa paneli kwenye gridi. Naweka vipimo vyote ili msilazimike kubahatisha.

Daraja (swichi zinazogeuza DC kuwa AC) ni la IGBT, transista za nguvu, za V 1200, zinakata kwa kHz 10. Upande wa DC uko V 700, kapasita zimegawanywa nusu kwa nusu, katikati imefungwa kwenye nyutro, kwa hiyo nyaya za kutoka ni nne. Kichujio ni LCL: koili ya mH 2 upande wa daraja, kapasita ya µF 10 kwa kila fezi (nyota yake pia iko kwenye nyutro), kisha koili ya mH 1 upande wa gridi. Mkondo unapimwa kwenye koili ya daraja. Umeme unatoka kabini (kituo cha transfoma) kwa kebo ya aluminiamu ya mm² 16, karibu mita 300. Volti inacheza: 195 saa za jioni watu wakipika, 235 usiku wa manane.

Kupima volti ya gridi: transfoma ndogo ya 230/9 kwa kila fezi, kigawanyi, halafu rezista ya kΩ 10 na kapasita ya nF 100 kabla ya ADC (kigeuza volti kuwa namba) ili kuzuia kelele ya IGBT. PLL (programu inayofuata pembe na masafa ya gridi) ni ya dq, yaani inageuza fezi tatu kuwa Vd na Vq; Vq ikiwa sifuri, pembe imeshika. Inashika: skrini inasoma Hz 49,9 hadi 50,1, Vq iko karibu na sifuri ila inatikisika. Nikiwasha, daraja linaanza kama chanzo cha volti likifuata pembe ya PLL, kontakta (swichi kubwa ya kuunga na gridi) inafunga, kisha kontakti yake saidizi inaiambia programu ihamie kwenye udhibiti wa mkondo.

Shida ya kwanza: kontakta ikifunga tu, kinga ya A 40 inaruka. Ya pili: nikiweka rezista ya Ω 10 mfululizo kwenye kila fezi, inafunga bila kishindo, nazirukisha rezista (mkondo upite kando yake), mkondo unatii, lakini amri ya mkondo ikifika karibu A 6 koili zinaanza kunguruma na inveta inazima.

Na swali la nyongeza: delestaji (mgao wa umeme) ikija, naweza kuiacha inveta hiyohiyo ishirikiane na jenereta ya dizeli?

---

Papa Transfo alijibu:

Ndugu, PLL yako ni nzima. Inashika vizuri kabisa wimbi ambalo si la gridi, ni la gridi iliyocheleweshwa. Rezista ya kΩ 10 na kapasita ya nF 100 zinakata Hz 159. Kwenye Hz 50 kichujio hicho kinachelewesha wimbi kwa digrii 17,4. Juu yake weka ucheleweshaji wa programu: sampuli inachukuliwa sasa, PWM (mapigo yanayowasha IGBT) inatoka hatua moja na nusu baadaye, yaani µs 150 kwa kHz 10, sawa na digrii 2,7. Transfoma ndogo nayo inaivuta pembe upande wa pili kwa digrii chache, kwa sababu mkondo wa kusumaku unapita kwenye ukinzani wa waya mwembamba wa msingi. Na pembe hiyo ya transfoma haikai mahali pamoja: volti ikipanda chuma kinaanza kushiba, pembe inahama.

Usiniamini kwa maneno, pima. Acha kontakta wazi, washa daraja, weka multimeta ya CAT III (kiwango cha usalama kwa umeme wa gridi) kati ya mguu wa juu na mguu wa chini wa kontakta, fezi moja baada ya nyingine. Kwa kuwa nyutro yako ni ya pamoja, kipimo kina maana. Usomaji ni 2 × 230 × sini ya nusu ya pembe: digrii 5 zinatoa V 20, digrii 10 zinatoa V 40, digrii 30 zinatoa V 119. Tayarisha multimeta kwa zaidi ya V 460, maana ukiwa umegeuza wimbi utaona hizo zote.

Kipimo hiki kinasema mengi kuliko skrini yoyote. Usomaji ukipanda na kushuka polepole kati ya 0 na 460, masafa hayajashikana. Fezi moja ikiwa karibu na sifuri na mbili zingine zikisoma karibu V 400, umebadilishana fezi mbili. Zote tatu zikisoma karibu V 400, mpangilio wa mzunguko ni sawa ila kila waya umehamia kwa jirani yake. Zote tatu zikiwa sawa na ndogo, kama V 60 au 70, hiyo ni pembe ya vipimo, na ndiyo ninayoitarajia kwako.

Sasa ona kwa nini kinga inaruka. Kwa digrii 17 tofauti ya kilele ni karibu V 96. Kinachouzuia mkondo ni koili zako za mH 3, yaani Ω 0,94, na waya wa Ω 0,57. Jumla yake ni karibu Ω 1,1. Udhibiti wa mkondo haujaamka bado, kwa hiyo kilele kinaelekea A 87. Ukiweka rezista ya Ω 10 inashuka hadi karibu A 9. Ndiyo maana rezista "zinaponya".

Dawa: punguza kapasita ya nF 100 hadi nF 4,7. Itakata kHz 3,4 na kuchelewesha chini ya digrii 1. Kelele ya kHz 10 usiizuie kwa rezista na kapasita, izuie kwa wakati: anzisha ADC kwenye kilele au bonde la pembetatu ya PWM, hapo mpwito (kupanda na kushuka) wa mkondo unapita kwenye wastani wake na hauonekani. Ongeza digrii 2,7 kwenye pembe inayokwenda PWM peke yake, si kwenye ile inayotumika kupima. Na zile transfoma zitoe. Weka amplifaya ya tofauti yenye mikono miwili inayolingana, kila mkono rezista tatu za kΩ 330 mfululizo na kΩ 3 upande wa kutoka: V 400 ya kilele inakuwa V 1,2, unaipandisha icheze kuzunguka V 1,65. Rezista ziwe tatu kwa sababu ile ndogo ya robo wati haivumilii zaidi ya V 250 hivi, na moja ikipasuka mbili zinabaki. Kompyuta usiiunganishe moja kwa moja na bodi wakati gridi ipo. Tumia kitenganishi cha USB.

---

Ya Mado alijibu:

Nakubaliana na Papa Transfo kuhusu pembe. Mimi nashughulika na huo mtikisiko wa Vq, kwa sababu masafa yake yanataja kosa.

Chora Vq kwa ms 100 uhesabu. Ikitikisika kwa Hz 50, kuna DC kwenye chaneli: ile V 1,65 si 1,65 kamili, au amplifaya imeteleza. Chukua wastani wa kila chaneli kwa ms 20 kamili uutoe. Ikiwa Hz 100, fezi hazilingani. Kwenye laini yako ya mita 300, jirani mmoja akiwasha rishoo (jiko la umeme) fezi moja inazama peke yake, hilo ni la kweli. Lakini kwanza hakikisha chaneli tatu zimekalibishwa sawa, maana tofauti ya asilimia 2 kati ya vigawanyi inatoa Hz 100 hiyohiyo. Ikiwa Hz 300, ni harmoniki ya 5 na ya 7 (mawimbi ya ziada yenye masafa mara 5 na mara 7 ya gridi), kazi ya televisheni, chaja na taa za LED.

Kwa Hz 100 na Hz 300 pamoja, wastani unaotembea wa ms 10 juu ya Vq unazifuta zote. Gharama yake ni ms 5 za kuchelewa, kwa hiyo PLL lazima iwe ya polepole, Hz 10 hivi. Njia nzuri zaidi ni SOGI mbili (vichujio vinavyotoa wimbi na nakala yake iliyochelewa robo wimbi) kwenye α na β (fezi tatu zikigeuzwa kuwa mbili), k, kipimo cha upana wake, ikiwa 1,41, kisha unatenganisha mfuatano chanya na hasi. Inatulia kwa karibu ms 20. Ila SOGI haisamehe DC: tokeo lake lililochelewa robo wimbi linaipitisha DC ikiwa imezidishwa kwa k. Ondoa DC kwanza.

Kuhusu Kp na Ki (namba za ukali wa kidhibiti, yaani PI): gawanya Vq kwa kilele cha volti kabla ya kuipa PI. Usipogawanya, PLL yako ya jioni kwa V 195 ni tofauti na ya usiku kwa V 235. Ukishagawanya, kwa upana wa Hz 20 na utulivu wa 0,707, Kp ni 178 na Ki ni 15 800. Inatulia kwa ms 50 hivi. Kwa Hz 10, Kp ni 89 na Ki ni 3 950. Kwenye laini dhaifu anza na Hz 10. Volti unayoipima mwisho wa mita 300 inasukumwa pia na mkondo wako mwenyewe. PLL yenye haraka inaanza kufuata kivuli chake. Integreta izuie kati ya Hz 45 na 55, isije ikakimbia umeme unapokatika.

Kabla ya kunguruma kuzungumziwa, tuambie kunatokea kwa masafa gani. Weka osiloskopu kwenye mkondo. Hz 10 hadi 60 ni PLL na gridi zinavutana. Kilohezi moja au mbili ni LCL.

---

koili_kampemba aliandika:

Aksanti sana Papa Transfo, aksanti Ya Mado.

Kontakta wazi: V 68, 66 na 69 kwenye fezi tatu. Baada ya kuweka nF 4,7 na digrii 2,7 kwenye PWM, na amplifaya badala ya transfoma, zinasoma V 7, 6 na 7. Kontakta inafunga bila rezista, kilele cha mkondo kiko chini ya A 8.

Mtikisiko wa Vq ulikuwa wa Hz 50 na wa Hz 100 pamoja. Ule wa Hz 50 umeisha nilipotoa wastani.

Kunguruma bado kupo, kuanzia A 6. Osiloskopu inasoma karibu kHz 1,8. Udhibiti wa mkondo ni PI ya dq, Kp 20.

---

Ya Mado alijibu:

kHz 1,8 inajieleza. Peke yake, LCL yako ina rezonansi (masafa ambayo inatetema yenyewe) ya kHz 1,95. Gridi inaongeza koili yake juu ya ile ya mH 1: kebo iliyosokotwa ina karibu mH 0,3 kwa kilomita, kwa hiyo mita 300 zinatoa mH 0,1, na transfoma ya kabini inaongeza kidogo. Weka jumla ya mH 0,3 kwenye hesabu, rezonansi inashuka hadi kHz 1,79.

Shida ni mahali ilipoangukia. Programu inayosampuli kwa kHz 10 ina mpaka kwenye moja ya sita ya masafa hayo, Hz 1 667. Ukipima mkondo upande wa daraja, rezonansi iliyo chini ya mpaka inatulia yenyewe, iliyo juu inachochewa. Ukipima upande wa gridi ni kinyume. Kwa hiyo kuhamisha sensa upande wa gridi kunaweza kukuridhisha leo, halafu laini ikirefushwa au transfoma ikibadilishwa rezonansi inavuka mpaka na kelele inarudi. Usiende njia hiyo.

Fanya hivi. Weka rezista ya Ω 3 mfululizo na kila kapasita ya LCL: ni theluthi ya ukinzani wa kapasita kwenye rezonansi. Mkondo wa Hz 50 ndani yake ni A 0,7 tu, lakini mpwito wa kHz 10 kwa koili ya mH 2 na V 700 unafika karibu A 9 kutoka bonde hadi kilele, kwa hiyo rezista iwe ya W 50, ya ganda la aluminiamu, imebanwa kwenye kipoza joto. Pili, sampuli mara mbili kwa kila pembetatu, kwenye kilele na kwenye bonde: kHz 20, mpaka unapanda hadi kHz 3,3, rezonansi yako inabaki chini kwa raha. Ukifanya hivyo ucheleweshaji unakuwa nusu, basi ile digrii 2,7 ibadilishe iwe 1,35, watu husahau. Tatu, Kp 20 ni kubwa mno. Kwa upana wa Hz 500, mH 3 × 3 142 inatoa 9,4.

Kwa nini ianze kwenye A 6 na si A 2? Tazama kiini cha koili. Kama ni cha unga wa chuma, henri zinapungua mkondo unavyopanda, hivyo Kp ileile inakuwa kali zaidi na rezonansi inapanda mbali na mpaka.

---

Papa Transfo alijibu:

Kabla hujafika A 14, mambo mawili yatakusubiri, bora uyajue sasa.

La kwanza ni hizo V 700. Kwa kuwa katikati ya DC imefungwa kwenye nyutro, daraja haliwezi kutoa zaidi ya nusu yake, V 350 za kilele, na ile mbinu ya kuongeza harmoniki ya 3 haikufai kwenye waya nne. Usiku gridi iko V 235. Ukisukuma A 14 kwenye waya wa Ω 0,57 unaipandisha V 8. V 243 ina kilele cha V 344. Umebakiwa na V 6 za kusukumia mkondo kwenye koili! Mawimbi yatakatwa vichwa na kinga itaruka usiku tu, na utaitafuta kasoro kwenye programu bure. Pandisha DC hadi V 780. IGBT za V 1200 zinabeba. Angalia kapasita, kila nusu iwe ya V 450.

La pili ni koili ya kontakta. Ikiwa inalishwa V 230 kutoka gridi, inahakikishiwa kuvuta kuanzia asilimia 85, yaani V 195,5. Jioni yako ni V 195. Itapigapiga, kontakti zitaungua, na kila pigo ni muungano mpya usio na ukaguzi. Tumia koili ya V 24 DC kutoka chanzo chake.

Na usifunge kontakta wakati kapasita za DC ni tupu. Dayodi za ndani ya IGBT ni rektifaya kamili. Gridi itazijaza kwa pigo moja. Jaza kwanza kupitia rezista ya Ω 100 ya kuviringishwa, subiri ifike asilimia 95, ndipo uirukishe.

---

laini_mbili alijibu:

Kuhusu jenereta na delestaji. Inveta iliyoelezwa hapa ni ya kufuata: inahitaji volti iliyopo ili ijue pembe. Haiwezi kuinua mtandao uliokufa. Hata ile stesheni kubwa ya Kolwezi, mwisho wa laini ya DC ya km 1 700 kutoka bwawa la Inga, inafungwa na sharti hilo: tairista zake (swichi za nguvu) zinazimwa na volti ya mtandao unaopokea, kwa hiyo lazima mtandao huo uwe hai kwanza.

Na lisiloruhusu mjadala: umeme ukikatika, inveta ijitenge kabla ya sekunde 2. Transfoma ya kabini inafanya kazi pande zote mbili. V 400 yako inakuwa maelfu ya volti kwenye waya ambao fundi wa laini anaamini umekufa. Dirisha (mipaka) la volti na masafa peke yake halitoshi, kwa sababu mzigo wa majirani ukilingana na nguvu yako volti haihami. Ongeza msukumo mdogo wa masafa: programu iwe inavuta pembe kidogo upande mmoja. Gridi hai inakataa kuvutwa, gridi iliyokufa inafuata hadi nje ya dirisha. Ukiweka dirisha la Hz 47,5 hadi 51,5 na asilimia 85 hadi 110 ya volti, jioni yako ya V 195 iko mlangoni kabisa, itakuwa ikijitenga mara kwa mara. Teremsha hadi asilimia 80 kwa kuchelewa kwa sekunde 1, baada ya kukubaliana na wenye mtandao, na ombi hilo liwe la maandishi.

Umeme ukirudi usikimbilie kuungana. Friji na pampu zote za mtaa zinawaka pamoja. Subiri dakika 5 za volti na masafa ndani ya dirisha. Kufunga kontakta, kwa inveta ya chini ya kVA 500, kiwango cha IEEE 1547 kinaruhusu tofauti ya Hz 0,3, volti asilimia 10 na digrii 20. Umeona mwenyewe digrii 17 zimefanya nini. Jiwekee digrii 3.

Kwa jenereta: inawezekana, kwa masharti. Gavana (kidhibiti mwendo wa injini) yenye mteremko wa asilimia 4, yaani masafa yanashuka mzigo ukipanda, inazunguka Hz 52 bila mzigo, nje ya dirisha lako, kwa hiyo unahitaji seti ya pili ya mipaka, hadi Hz 53, na seti hiyo ichaguliwe na kontakti ya swichi ya kugeuza yenye kufuli la kimakanika, isichaguliwe na mtu. Jenereta ibakiwe na angalau asilimia 30 ya nguvu yake. Chini ya hapo dizeli haichomeki vizuri, silinda zinalowa mafuta. Ikishuka hadi sifuri, inveta inaanza kuizungusha kama mota. Pima mkondo wa jenereta na uipunguzie inveta amri kila sampuli, si kila sekunde. Mtu akizima mashine ya kuchomelea, mzigo unaondoka ndani ya wimbi moja.

---

koili_kampemba aliandika:

Rezista za Ω 3 zimewekwa, sampuli ni kHz 20, Kp 9,4, pembe ya PWM 1,35. A 14 kwa fezi, kimya. Kontakta wazi sasa ni V 4. DC bado ni V 700 kwa sababu kapasita zilizopo ni za V 400 kila nusu. Hadi za V 450 zifike nimeweka kikomo: volti ya gridi ikipita 232, amri isizidi A 5.

---

Papa Transfo alijibu:

Kikomo hicho ni sawa, ila kitegemee kilele ulichokipima, si RMS (ile multimeta inayoonyesha). Usiku harmoniki ya 5 inaweza kuongeza V 10 kwenye kilele bila RMS kusogea. Na pima kila nusu ya DC peke yake: kwa V 780 kapasita za V 450 zinakuachia V 60 tu kila upande, na DC kidogo sana kwenye sensa ya mkondo inatosha kuisogeza katikati.